Kamera za kwenye mataa zinajuaje kama umepita nyekundu? Dogo kaletewa faini kwa barua huko Marekani

kipanga_wa_temeke:
Wakuu heshima kwenu. Nina mdogo wangu yuko Illinois, mji mdogo pembeni ya Chicago, mchana ana kazi yake na jioni anasambaza misosi kwa gari lake. Juzi kati kakuta barua nyumbani, ndani kuna picha tatu, ya kwanza gari liko nyuma ya mstari na taa inaonekana kabisa ni nyekundu, ya pili gari lishaingia kwenye makutano linakata kulia, ya tatu ni plate namba tu imevutwa karibu. Chini wameandika tarehe, saa, spidi, na taa ilikuwa nyekundu kwa muda gani, mpaka vipande vya sekunde. Dola 100 alipe.

Sasa dogo anasema hapakuwa na trafiki wala mtu yeyote eneo lile, na kule kulia inaruhusiwa kukata hata kama ni nyekundu. Mimi huku nimezoea trafiki kajificha nyuma ya mti na tochi yake, hii ya kupigwa picha na nguzo siielewi. Kuna mtu amekaa sehemu anaangalia? Inajuaje kwamba hili limepita na lile limesimama tu mbele kidogo ya mstari? Na ukiwa tayari umeingia katikati taa ikageuka nyekundu inakuaje, si watakukamata bure? Wanaojua waje hapa.

waya_mbili:
Kipanga karibu, hii ndio anga zangu kidogo. Wakati picha inapigwa hakuna binadamu kabisa. Kamera yenyewe wala haiangalii magari muda wote ikiwaza nani mhuni nani mstaarabu, kuna vitu viwili tu inavyosubiri vitokee pamoja: taa iwe nyekundu, na kitu cha chuma kiufikie mstari wa kusimamia kwa spidi.

Ukiona lami karibu na mstari wa kusimamia ina michoro ya kukatwa kwa msumeno, mstatili umezibwa na lami nyeusi zaidi, ujue chini pale wamezungusha waya mara kadhaa. Unapitishwa umeme mdogo sana, unacheza kwa mdundo wake mmoja. Gari likija juu, ule mwili wa chuma unavuruga sumaku ya huo waya na mdundo unabadilika, ni kama kile kifaa cha mlinzi wa benki kinavyolia ukiwa na funguo mfukoni. Sasa wanaweka pete mbili za waya kwenye leni moja, zimeachana mita chache. Gari likigusa ya kwanza saa inaanza kuhesabu, likigusa ya pili inasimama. Mfano zimeachana mita 3 na gari limetumia sehemu ya kumi mbili za sekunde, hiyo ni mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Mtu wa spidi hiyo ameshafika mstarini na taa nyekundu hana namna ya kusimama tena, picha ya kwanza inapigwa hapohapo. Ndio maana mtu anayesogea taratibu akasimama tairi za mbele zimeuvuka mstari kidogo mara nyingi haguswi, spidi yake iko chini ya kile kiwango walichokiseti.

Ule waya unaoleta habari ya taa unatoka kwenye kabati la mataa lenyewe, lile boksi la chuma linalokaa pembeni ya barabara. Kwa hiyo kamera haikisii rangi kwa kuitazama taa, inaambiwa na mtambo uleule unaowasha taa kwamba sasa nyekundu imewaka, na inaanza kuhesabu tangu hapo. Hicho ndicho kile kipande cha sekunde alichokiona dogo kwenye barua.

Swali lako la kuingia katikati: picha ya kwanza kazi yake ni hiyo. Lazima ioneshe gari bado liko nyuma ya mstari HUKU taa tayari ni nyekundu. Ya pili inaonesha gari hilohilo limeendelea. Ukishavuka mstari na njano halafu nyekundu ikakukuta katikati, hakuna picha ya kwanza, kwa hiyo hakuna kesi, labda sheria ya sehemu hiyo iseme vingine. Picha moja peke yake haithibitishi kitu.

Siku hizi sehemu nyingi hawakati tena lami maana waya unakatika barabara ikitengenezwa, wanatumia rada au video, kompyuta inachora mstari wa kufikirika kwenye picha na kufuatilia gari likivuka. Mantiki haijabadilika.

dereva_deira:
Mimi niko Dubai naendesha gari la kampuni, huku hiyo kitu hatuna utani nayo. Nyekundu ni dirham 1000, pointi nyeusi 12 kwenye leseni, na gari linafungiwa siku 30. Pointi zikifika 24 leseni unaisahau kwa muda. Na tangu 2023 Dubai kuna amri ya kwamba ukitaka kulitoa gari lililokamatwa kwa kupita nyekundu ni dirham 50,000, soma tena hapo, elfu hamsini. Wenye magari ya kifahari ndio walengwa nadhani maana mtu wa hali yetu anaacha tu likae.

Usiku ikipiga unaona mwanga mweupe umekumulika hata mwenzako wa leni ya pili anajua huyu kaliwa. Meseji inakuja kwenye simu ya mwenye gari. Wageni wapya kutoka nyumbani nawaambia kitu kimoja, taa ya huku ikiwa njano usiongeze mafuta kama ulivyozoea pale Magomeni.

kipanga_wa_temeke:
Dirham 50,000 😂😂 hiyo si unanunua gari lingine kabisa.

Waya mbili nimekuelewa vizuri sana mkuu. Sasa turudi kwa dogo, kwake sio kwamba alipita moja kwa moja, alikata kulia. Barua inasema spidi maili 14 kwa saa. Na yeye ndio aliendesha lakini gari lina jina la mkewe, barua imekuja kwa jina la shemeji, hapo imekaaje?

mama_junior_usa:
Kaka yangu Kipanga, mimi naishi jimbo hilohilo ngoja nikueleze taratibu maana watu wengi wetu wanaliwa hapo hapo kwenye kona ya kulia.

Ni kweli Illinois unaruhusiwa kukata kulia taa ikiwa nyekundu kama hakuna kibao cha kukataza, LAKINI lazima kwanza usimame kabisa, tairi zisizunguke, uangalie waenda kwa miguu na magari ya kushoto ndipo uende. Wengi wetu tunapunguza tu tunachungulia tunateleza. Sasa maili 14 kwa saa ni zaidi ya kilomita 22, hiyo sio kusimama kaka, hiyo ni kuteleza. Rada au waya umeona kitu kinapita juu ya mstari na spidi hiyo taa nyekundu, ukarekodi. Basi.

Ila kuna jambo la kumsaidia kama kweli alisimama. Sheria ya jimbo inasema kama dereva alisimama kabisa kabla ya kuingia kwenye makutano, hata kama alisimama akiwa ameshauvuka ule mstari mweupe au ameshakanyaga zebra, hawaruhusiwi kumtumia faini ya kamera, isipokuwa kama kulikuwa na mtu wa miguu au baiskeli pale. Kwa hiyo namba ya 14 inaweza kuwa ni pale mstarini tu na yeye akasimama mbele kidogo. Video ndio itasema. Kwenye barua kuna anwani ya mtandao na namba ya siri ya kuingilia, aingie aitazame mwanzo mpaka mwisho, asiangalie picha peke yake maana picha haioneshi kama gari lilisimama katikati ya picha ya kwanza na ya pili.

Kuhusu jina la shemeji, Illinois faini ya kamera inamfuata mwenye gari, sio dereva. Kwa sababu hiyo haiingii kwenye rekodi ya leseni na bima haipandi, inahesabika kama zile faini za kupaki vibaya. Kamera nyingi za huku zinapiga gari kwa nyuma, sura yako hawana shida nayo. Jimbo kama Arizona wao wanamtaka dereva mwenyewe, kwa hiyo huko wanapiga na mbele kupata sura. Ujerumani pia ni sura, aliyeendesha ndiye anayeadhibiwa.

Kitu asichotakiwa kufanya ni kuiweka barua kwenye droo. Tarehe ya mwisho ikipita wanaweza kuongeza 100 nyingine juu. Kubisha anaweza kwa posta au kwenda kusikilizwa, anachagua mwenyewe, imeandikwa nyuma ya barua.

Na lile swali lako la mtu kukaa anaangalia, yupo lakini baadaye. Kabla barua haijatumwa kuna fundi au afisa anapitia kila tukio, anatoa zile za ambulansi, gari lililopisha zimamoto, msafara wa mazishi, plate isiyosomeka.

njano_fupi:
Watu mnaisifia sana hii mitambo humu lakini hamsemi upande wa pili. Hapo Chicago penyewe mnapopataja kuna historia chafu. Walianza kufunga hizi kamera 2003, mkandarasi alikuwa Redflex, baadaye ikaja kujulikana afisa wa mji aliyekuwa anasimamia mkataba, John Bills, alikuwa anapewa fedha, safari na mpaka nyumba huko Arizona. 2016 kahukumiwa miaka 10, na aliyekuwa bosi wa Redflex Marekani, Karen Finley, naye akafungwa. Kampuni ilishafukuzwa 2013. Sasa kama mtu anapata chochote kwa kila kamera inayofungwa unadhani zitafungwa pale penye ajali au penye magari mengi?

Halafu mchezo wenyewe hauko kwenye kamera, uko kwenye NJANO. Hakuna anayeliongelea hilo. Waya mbili umesema kamera inahesabu tangu nyekundu iwake, sawa, nani anaamua nyekundu iwake lini? Ukipunguza njano nusu sekunde tu hujagusa kamera, hujadanganya mtu, lakini idadi ya wanaokamatwa inaruka. Chicago 2014 mkaguzi wa mji alikuta barua karibu 77,000 zimetumwa ambapo njano ilirekodiwa sekunde 2.9 na kitu, chini ya zile 3 walizojiwekea wenyewe. Dola 100 mara 77,000 piga mwenyewe.

Na hii ya kona ya dogo ndio kabisa. Kuna mzee mmoja Msweden anaishi Oregon, Mats Järlström, mkewe alipata faini ya kamera pale Beaverton akikata kulia. Yeye fundi wa elektroniki akakaa chini kuichambua ile hesabu ya urefu wa njano, ni fomula ya tangu 1959 au 60, akaona haikumfikiria mtu anayekata kona. Fomula inadhani una mambo mawili, ama unasimama ama unapita na spidi yako ileile. Anayekata kona anapunguza spidi wakati huohuo bado anaendelea mbele, kwa hiyo anahitaji muda zaidi, njano inamuishia njiani. Alipowaandikia bodi ya wahandisi ya jimbo wakampiga faini dola 500 eti anafanya uhandisi bila leseni!! Akaenda mahakama ya shirikisho, mwisho wa 2018 jaji akampa haki yake, na 2020 chama cha wahandisi wa usafiri huko Marekani kikatoa mwongozo mpya unaozingatia hoja yake. Mtu mmoja tu na kalkuleta.

Texas wao wamepiga marufuku kabisa 2019. Kwa hiyo sio mimi peke yangu mwenye wasiwasi.

waya_mbili:
Njano fupi hoja yako ya njano sina ubishi nayo, ni ya kweli na ndio sehemu nyeti kuliko zote. Ngoja niiongezee nyama. Gari la maili 30 kwa saa, kilomita 48 hivi, linakwenda mita 13 na pointi kila sekunde. Fomula inampa dereva sekunde 1 ya kushtuka na inayobaki ya kufunga breki kistaarabu bila abiria kugonga vioo, ukipiga inakuja kama sekunde 3.2. Chicago wanaweka 3. Hiyo tofauti ya 0.2 ni karibu mita 3 za barabara, ambapo dereva hakufanya kosa lolote, hesabu tu imemkata. Ndio maana sehemu nyingi wanaweka muda kidogo wa msamaha baada ya nyekundu kabla kamera haijaamka. Chicago ilikuwa sekunde 0.1, 2017 wakaipeleka 0.3 baada ya watafiti wa chuo cha Northwestern kuwashauri. Ukiuliza uzuri wa kamera ya mahali fulani usiulize ni ya kampuni gani, uliza njano sekunde ngapi na msamaha ngapi.

Ila usitupe mtoto na maji ya kuogea hapa. Utafiti huohuo wa Northwestern ulikuta pale penye kamera ajali za ubavuni na za kukata kona zimepungua asilimia 19, na zile za kugongana nyuma zimepanda 14, maana wa mbele anafunga breki ghafla akiogopa kamera na wa nyuma yupo na simu. Ukijumlisha ajali zenye vifo na majeruhi zilishuka asilimia 10. Mtu aliyegongwa ubavuni mlango ndio umemfikia mwilini, wa nyuma ana buti lote la kumkinga. Mimi nachukua hiyo biashara, ila njano iwe ndefu.

Na kwa taarifa tu, hii biashara yote imeanzishwa na dereva wa mashindano. Mholanzi Maurice Gatsonides, bingwa wa Monte Carlo Rally 1953, alitengeneza kifaa cha kujipima spidi kwenye kona ili awe na mbio zaidi 😂 ikaja kuwa kifaa cha polisi. Kamera yake ya taa nyekundu ilitoka miaka ya 60, wakati huo walikuwa wanatandaza mipira ya hewa juu ya barabara badala ya waya.

mjomba_wa_rongai:
Nairobi hapa nawasoma nikicheka. Hizo kamera zikiletwa kwetu zitaona nini jamani, taa inasema nyekundu, karao (polisi) amesimama katikati ya raundi anakuambia pita, nyuma yako mathree (matatu) inapiga honi inataka kupanda kwa pavement. Unatii nani? Kamera itapiga gari hata mia kwa dakika moja na zote ziliruhusiwa.

kipanga_wa_temeke:
Mjomba hata Dar ni hayohayo, Mwenge na Morocco jioni mataa yanawaka kama mapambo, trafiki ndio taa yenyewe. Sijui huko kwa wenzetu trafiki akiingia barabarani kamera inazimwa?

waya_mbili:
Kuna namna mbili. Trafiki akifungua kabati na kuyaendesha mataa kwa mkono, kamera bado inapata habari sahihi maana taa anayoiwasha yeye ndiyo hiyohiyo inayoripotiwa. Shida ni hii ya kwetu ya kuacha taa ijiendee na mkono uende kivyake, hapo mtambo utajaza maelfu ya picha na yule mpitiaji atashinda anafuta. Kwa hiyo kabla ya kununua kamera hata moja lazima kwanza taa ndio ziwe na kauli ya mwisho pale makutano, na ili ziwe na kauli lazima zipangwe kulingana na foleni halisi, sio upande mmoja unapewa sekunde 30 una magari matano na mwingine unapewa hizohizo una foleni mpaka Ubungo.

dada_wa_namba_D:
Na mmesahau kitu kingine, kadi za magari. Bongo mtu ananunua gari kwa mtu anabaki na kadi ya jina la mwenye gari wa kwanza miaka nenda rudi, hataki kulipia kubadilisha. Faini ya kamera ikienda kwa jina la kwenye kadi inamfikia mzee wa Moshi aliyeshaliuza zamani na simu ameshabadilisha. Angalau kwa sasa deni linakaa kwenye namba ya gari, ukisimamishwa trafiki anaingiza namba inaonekana unadaiwa, kwa hiyo mwenye gari wa sasa atalipa tu apende asipende. Kwa hilo naona sisi tuko karibu kuliko mnavyodhani. Ushauri wa bure kwa wanaonunua gari mkononi, angalia deni kabla hujatoa hela.

dereva_deira:
Dada umenena. Huku gari haliuzwi wala haliongezewi kibali cha mwaka kama lina faini, ndio inayowafanya watu walipe. Kamera bila hiyo ni mpiga picha tu.

mjomba_wa_rongai:
Swali la mwisho kwa waya mbili. Nduthi je? Nasikia ule waya wa chini hauioni pikipiki, ndio maana wanajiachia?

waya_mbili:
Inaionaga lakini kwa shida. Waya unashtuka kwa bapa la chuma kubwa linalopita karibu na lami, pikipiki ni nyembamba na iko wima kwa hiyo ikipita katikati ya mstatili mdundo unabadilika kidogo mno. Ikipita juu kabisa ya ule mkato wa pembeni inashika vizuri, rimu ya aluminiamu nayo inashikwa. Rada na video zenyewe haziangalii chuma kwa hiyo huko nduthi haina pa kujificha. Kinachowaokoa ni plate, kamera inayopiga mbele haipati kitu maana pikipiki namba yake iko nyuma, na wengine nyuma kwenyewe wameikunja au imefunikwa na mzigo.

kipanga_wa_temeke:
Wakuu nimempigia dogo, kaingia kuangalia video. Kuna mama anavuka na mtoto upande wa pili wa zebra, kwa hiyo ile sheria ya mama Junior haimsaidii. Nimemwambia alipe.

mama_junior_usa:
Alipe kabla ya tarehe ya kwenye barua na atunze risiti, amwonyeshe na shemeji maana jina ni lake.